Mizizi ya Mparachichi wa Kukhu

Tuliishi pembezoni mwa Kitale, pale ambapo nyumba zinakwisha na mahindi yanaanza, na mbele ya nyumba yetu baba alikuwa na uwanja wa nyasi. Majirani wote walipanda mahindi hadi mlangoni. Kwa wengine ilibidi upite ubavuubavu katikati ya mabua ndipo ubishe hodi. Baba yeye alipanda nyasi, akazimwagilia maji wakati wa kiangazi, na kila Jumamosi asubuhi akazikata kwa mashine kuukuu ya kusukuma kwa mkono. Watu waliopita barabarani walipunguza mwendo ili wamtazame mtu mzima anayehangaikia kitu kisicholiwa.

Alikuwa mtu wa barabara. Alifanya kazi serikalini akisimamia vibarua wanaojaza mashimo na kusawazisha matuta, na nafikiri kazi hiyo ilimwingia mwilini. Kitu chochote kilichoinuka au kubonyea kilimkera. Akiketi mezani alinyoosha kitambaa kwa kiganja kabla ya kuomba. Akikuta mkeka umekunjamana alisimama pale pale hadi mtu aunyooshe. Tulimcheka chinichini, na siku hizi nikiketi kwenye meza yangu mwenyewe najikuta nafanya vilevile.

Sasa katikati ya uwanja huo palikuwa na mparachichi, na mizizi yake ilikuwa juu. Ilitoka shinani ikiwa minene, ikatambaa kila upande. Mmoja ulifika karibu na jikoni, mwingine ukaelekea kwenye mfereji wa maji, na mingine ilizama na kuibuka tena mahali usipoitarajia. Nyasi hazikuota pale chini. Mashine ya baba ikigonga mzizi ilitoa mlio wa kuumiza meno, naye alisimama, akavua kofia, akautazama mti kama mgeni aliyekula, akalala, na bado haagi.

Kuukata hakuweza, kwa sababu mti ule ulikuwa wa Kukhu.

Kukhu ni bibi, ndivyo tunavyosema kwetu Bungoma. Huyu alikuwa mama yake mama, na aliishi ng'ambo ya Kamukuywa, safari isiyomaliza asubuhi, lakini kwetu hakuwahi kukanyaga. Si kwamba waligombana na baba. Ilikuwa heshima. Kwa watu wetu mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani. Hawasalimiani kwa mkono, hawalali chini ya paa moja, hawasemezani uso kwa uso, na mmoja akitokea huku mwingine anapinda kule. Baba alikuwa mzee wa kanisa na alipenda kutangaza kwamba mila nyingi zimepitwa na wakati. Lakini nilipokuwa mdogo, tukiwa sokoni Kamukuywa, alimwona Kukhu kwa mbali amebeba ndizi, akaruka mtaro na kujificha nyuma ya kibanda cha fundi wa baiskeli mpaka apite. Alikuwa amenishika mkono, kwa hiyo na mimi niliruka.

Kwa kuwa hakuweza kuja, Kukhu alituma vitu. Alituma kuku, ndizi, wimbi la uji, na maparachichi makubwa ya kwake yenye ngozi nyeusi. Kokwa ya mojawapo ndiyo mama aliyoipanda mwaka alioolewa, kabla ya nyasi na kabla yangu. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Akiwa na jambo moyoni alichukua ungo wake wa maharagwe akaenda kuchambulia pale kwenye mti, na sisi watoto tulijua tusimfuate. Siku moja baba alileta shoka akakata mzizi uliokuwa unaelekea barazani. Mama alitoka jikoni, akautazama ule mkato mweupe, akarudi ndani. Chakula kiliiva kwa wakati na chumvi ilikuwa sawa, ila maji ya baba ya kuoga hayakupashwa moto tena, na baridi ya asubuhi ya Kitale si mchezo. Baada ya siku chache shoka lilirudi stoo.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokaa kwa miaka, baba na mashine yake, mama na mti wake. Halafu macho ya Kukhu yakaharibika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, simu za mkono ndiyo kwanza zimeanza kuingia kwenye nyumba za watu wa kawaida. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na niko nyumbani nangoja kujua maisha yatanipeleka wapi. Mjomba alipiga simu akasema Kukhu amejimwagia uji moto mguuni kwa sababu hakuona kikombe kiko wapi. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kitale kulikuwa na daktari aliyekuwa akija kupasua macho, lakini alitaka mgonjwa awe karibu, apimwe, presha itulie, kisha angoje zamu yake. Hakukuwa na njia nyingine. Ilibidi Kukhu aje kukaa kwetu, kwa mkwe wake.

Wajomba walifika kwetu kabla yake, wakaketi barazani na suti zao, wakanywa chai yote. Mkubwa wao ndiye aliyesema.

"Sisi tunajua ni ugonjwa, hatukatai. Lakini mama yetu akianguka hapa, ama aibu yoyote itokee katikati yake na wewe, tunamrudisha Bungoma siku hiyo hiyo. Hayo mambo ya macho tutaona baadaye."

Baba alikubali, kofia mkononi. Kila mtu pale alijua kwamba baadaye hiyo haingekuja. Na kila mtu alijua kwamba mama mkwe akianguka nyumbani kwa mkwe wake, hajaanguka tu kama watu wengine. Ni mkosi, unataka wazee na mnyama wa kuchinja. Tena atainuliwa na nani, ikiwa mwenye nyumba haruhusiwi kumgusa?

Ili wasiwe chini ya paa moja, Kukhu angelala kwenye kijumba cha wageni nyuma ya jikoni. Kutoka huko hadi chooni, au hadi kwenye mfereji, ilikuwa lazima uvuke uwanja kwa kupita pale kwenye mparachichi. Wajomba walipoondoka nilimwona baba amesimama barazani, anatazama kutoka mlango wa kijumba hadi mlango wa choo, midomo inamcheza. Alikuwa anahesabu mizizi.

"Sitaikata," alimwambia mama. "Nitaifunika. Barabara ikitoa mawe juu, si unamwaga mchanga unashindilia?"

"Hiyo ni mti, si barabara," mama akasema.

"Ni kitu moja tu."

Akaifanya barabara kweli. Jirani alikuwa anachimba choo kipya, na baba aliusomba ule udongo mwekundu kwa wilbaro, akaumwaga juu ya mizizi, akaulowesha, akaushindilia kwa kigogo kizito alichokiinua kwa mikono miwili hadi jasho likamtoka puani. Kisha akapanda vipande vya nyasi kimoja kimoja. Kukhu alipofika, uwanja ulikuwa sawa hivi kwamba ungeweza kuviringisha yai kutoka jikoni hadi kwenye ua lisipinde. Baba alifurahi kama mtu aliyejengewa lami hadi mlangoni.

Kukhu aliletwa kwa pikapu ya mjomba, leso imemfunika kichwa hadi puani. Nilikuwa namkumbuka mkubwa. Aliyeshuka alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto.

"Huyo baba yako ako wapi?" aliniuliza hata kabla ya kunisalimia.

"Ako nyuma ya nyumba, Kukhu."

"Mwambie nimefika. Na umwambie asijifiche sana. Mimi sioni kitu."

Nyuma ya nyumba baba alikohoa. "Mwambie karibu," akasema.

"Anasema karibu, Kukhu."

"Nimesikia. Macho ndiyo imeharibika, si masikio."

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Kwa kuwa hawakuweza kusemezana, maneno yote yalipitia kwangu. Wote wawili walisikiana vizuri kabisa, wakati mwingine wakiwa wametenganishwa na ukuta tu, lakini hakuna aliyejibu mpaka mimi nirudie. "Mwambie baba yako chai ya leo haina majani." "Mwambie chai imepikwa na binti yake." "Mwambie najua, ndiyo maana namwambia yeye, ile ingine haisikii." Niliudhika, nisidanganye. Nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne kinakuja, na kazi niliyoipata ilikuwa ya kurudia maneno kama kasuku.

Shida ya kwanza ilikuwa ule uwanja. Nilimshika Kukhu mkono kumpeleka chooni, akauchomoa. Alisema yeye si mbuzi wa kufungwa kamba. Akachukua fimbo akaenda peke yake, na nilipotoka kumtafuta nilimkuta amekwama kwenye ua wa miiba upande ule mwingine kabisa, anautukana kwa lugha ya nyumbani. Siku iliyofuata alifika getini. Siku nyingine alizunguka pale katikati hadi akakaa chini.

"Mwambie baba yako," alisema akiwa amekaa, "hapa kwake mguu haiwezi kujua iko wapi. Kote ni balabala tu. Na mti yangu iko wapi? Nasikia majani hapa juu, lakini chini hakuna kitu."

Baba alikuwa dirishani. "Mwambie mizizi nimefunika. Ili asianguke."

"Mwambie kwangu mizizi imezunguka nyumba yote, nimekanyaga maisha yangu yote, na meno yangu ndiyo haya."

Sikurudia. Baba alikuwa ameshafunga dirisha.

Shida ya pili ilikuja na mvua. Majani ya mparachichi yalianza kugeuka manjano, kisha kuanguka, si machache ya kawaida bali mengi, kila siku. Matunda yaliyokuwa yameanza kushika yalidondoka yakiwa madogo kama ndimu. Mama aliamka, akayafagia, akayamwaga shambani, na hakumlaumu mtu. Nilijua anaumia kwa jinsi alivyofagia polepole. Mti ule ulikuwa umemkalia mahali pa mama yake kwa miaka yote ambayo mama yake hakuweza kuja. Sasa mwenyewe amekuja, haoni, na mti unakufa mbele ya mlango wake.

Baba alirudi kazini jioni moja, akasimama pale chini bila kuvua koti. Aliokota jani, akaligeuza. Halafu akaingia jikoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaketi kwenye kigoda karibu na mama.

"Kuna ile miti ya njia ya Kapsokwony," akasema. "Pale tuliinua barabara tukamwaga mchanga hadi kwa shina. Ilikauka yote. Tuliandika ati ni uzee."

Mama aliendelea kukoroga ugali.

"Haikuwa uzee," baba akasema. "Tuliinyima hewa. Ni mimi nilisimamia hiyo kazi."

Nilimpenda sana baba siku ile. Angeweza kuuacha mti ufe, akaondokewa na adui wake bila kuinua shoka, na hakuna ambaye angemlaumu.

Jumamosi mashine ya nyasi haikutoka stoo. Baba alivua viatu, akakunja suruali, akapiga magoti. Jembe lingechubua mizizi, kwa hiyo alichukua kijiko kikubwa cha jikoni, mimi nikapewa mfuniko wa sufuria uliopinda, na mama akatumia mikono. Tulianza kuifukua ile barabara. Udongo ulikuwa umeshikana kama tofali kwa vile ulishindiliwa na mtu anayejua kazi yake. Kukhu aliketi mlangoni pa kijumba chake, leso kichwani, ametupa mgongo kwa heshima, uso umeelekea ukutani, na kutoka huko akawa msimamizi.

"Mwambie aanzie kwa shina akienda nje."

"Mwambie ndivyo nafanya."

"Mwambie asikwangue. Nasikia akikwangua."

"Sikwangui," baba akasema. Kisha akashtuka, akanitazama, akatazama ule mgongo wa Kukhu. "Mwambie sikwangui."

"Anasema hakwangui, Kukhu."

"Mm," Kukhu akasema. Mama aliinamisha kichwa, mabega yanamtikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka.

Tulimaliza jua likiwa limekwisha kupinda. Vijizizi vingine vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi na kunuka, baba akavikata kwa kisu kidogo kimoja kimoja. Ile mikubwa ilionekana yote tena, imelowa, rangi ya kahawia. Hatukuiacha uchi. Baba alileta magunzi ya mahindi, ambayo Kitale hayajawahi kumpungukia mtu, tukayavunja na kuyachanganya na majani makavu, tukayatandaza katikati ya mizizi, tukaacha shina lipumue. Nyasi zilirudishwa nyuma. Baba alichora mpaka wa duara, huku mti huku nyasi, akaupanga mawe, na mawe yenyewe akayapaka chokaa nyeupe kama yale ya kando ya barabara kuu. Asingeweza kujizuia.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoitamani hadi leo. Kukhu aliachana na viatu na fimbo. Alijua kwa nyayo kwamba mzizi mnene wenye nundu unampeleka chooni, na ule laini unampeleka kwenye mfereji, na ile miwili midogo iliyolala sambamba ina maana jikoni ni karibu. Asubuhi nilimwona anatoka na kikombe chake, mguu unapapasa, unapata, unaendelea, hadi kwenye maji. Alikiosha mwenyewe akarudi mwenyewe, na akifika mlangoni alicheka kidogo kama mtu aliyeiba. Mti ulitoa majani mapya, yale ya kwanza mekundumekundu. Mvua ya mchana ilikuja karibu kwa saa zake, na moshi wa mahindi ya kuchoma ukatulia chini ya majani. Jioni baba aliifungulia redio ya sebuleni sauti ya juu kupita kiasi, mama akilalamika kwamba tutakuwa viziwi. Baba alisema redio ni ya zamani, haisikiki. Kukhu alikuwa ameketi nje kwenye mzizi wake, anasikiliza habari za Bungoma, na redio ilizimwa alipoingia ndani.

Daktari aliahirisha, akaahirisha tena. Wajomba walipiga simu kuuliza kama kuna lolote, na mama alijibu kwamba hakuna. Tulianza kuamini kwamba zamu itafika bila jambo.

Siku lilipotokea, baba alikuwa nyumbani na mafua, mama yuko sokoni, nami nimetumwa kusaga mahindi. Mvua ya mawe ilinikuta njiani. Nilijibanza kibandani na unga wangu huku bati likipigwa hadi nisisikie mawazo yangu. Ilipopungua nilifunika unga kwa karatasi ya plastiki nikakimbia.

Kukhu alikuwa ametoka kuanua nguo mvua ilipoanza. Pale kwenye mfereji, mahali ambapo hapakuwa na mzizi hata mmoja, tope lilimtelezesha, akaanguka na mguu ukapindika. Aliniita. Akamwita mama. Baba alikuwa mlangoni, anamwona, mawe yanamwangukia mama mkwe wake kichwani, naye pia akaniita. "Tulikuwa tunakuita wote wawili," aliniambia baadaye, kana kwamba kosa lilikuwa langu. Kisha Kukhu akanyamaza, akajifunika kichwa kwa mikono, na baba akatoka.

Nilipofika getini uwanja wote ulikuwa mweupe kwa mawe ya mvua, mizizi imefunikwa, mpaka wa chokaa hauonekani. Baba alikuwa katikati, Kukhu yuko mikononi mwake, leso imeanguka, kichwa chake cha mvi kwenye shingo ya baba. Miwani ya baba ilikuwa maji matupu. Haoni. Alikuwa anapapasa kwa mguu, na Kukhu ndiye aliyekuwa anamwongoza.

"Inua mguu. Hapo iko moja kubwa. Umepata?"

"Nimepata."

"Vuka. Sasa kushoto. Si huko, bana, huko ni kwa choo!"

"Hapa?"

"Hapo. Sasa iko ndogo mbili, zimelala pamoja. Ukivuka hizo tumefika jikoni."

"Nimevuka, mama."

"Haya, twende."

Nilisimama pale na unga kichwani. Hakuna aliyesema mwambie. Nililia bila kujua kama ni kwa furaha au kwa woga, maana nilijua maana yake. Ameanguka. Amebebwa. Kesho atarudishwa na macho yake yale yale.

Mama alipofika alimkuta Kukhu karibu na jiko, amevishwa koti la baba la kazini, na baba ameketi upande wa pili anatetemeka kwa baridi. Mama alielewa mara moja. Alisema labda tusiseme, ni sisi tu tunaojua.

"Hapana," baba akasema. "Nitawaambia mwenyewe."

Akapiga simu, na kesho yake wajomba walikuja na suti zao. Mkubwa alisimama barazani, hata chai hakutaka.

"Tulisema," akasema. "Si tulisema?"

Baba alikiri kila kitu. Alisema amemshika mama mkwe wake, amembeba, na kama ingetokea tena angembeba tena. Mjomba alifungua mdomo, lakini sauti iliyosikika ilikuwa ya Kukhu, kutoka jikoni.

"Mnirudishe, halafu nini? Nani kati yenu atanishika mkono nikienda choo? Hao bibi mmeoa? Kama mnataka kondoo, kondoo ziko mingi. Mimi macho yangu ni mbili tu."

Mjomba mdogo aliketi, kisha na mkubwa akaketi, na mama akaleta chai. Kondoo alichinjwa wiki hiyo. Mzee mmoja aliletwa kutoka Bungoma akafanya yanayofanywa, baba akatoa blanketi, Kukhu akalipokea, na mzee akasema sasa wanaweza kusalimiana. Baada ya hapo baba aliomba watu wafumbe macho, akaomba sala ndefu ya kikanisa ili mambo yawe sawa pande zote mbili.

Kukhu alibaki. Mguu ulipona, zamu ikafika, jicho la kwanza likapasuliwa.

Siku ya kufungua bandeji tulikwenda sote. Mama alishika mkono wa Kukhu. Nesi alifungua polepole, akapangusa, akamwambia afumbue. Kukhu alifumbua. Alitazama ukuta, akatazama dirisha. Alimtazama mama kwa muda mrefu, akamgusa shavu, akasema amekonda. Mimi aliniambia nimekuwa mrefu bure. Kisha akauliza, "Na yeye ako wapi?"

Baba alikuwa nje ya mlango, nyuma ya nguzo. Ruhusa alikuwa nayo, lakini mazoea ya miaka hayatoki kwa kondoo mmoja.

"Aje," Kukhu akasema.

Baba aliingia, kofia mkononi, akasimama mbele ya kitanda. Tangu amuoe mama, watu hawa wawili hawakuwahi kutazamana usoni. Kukhu alimtazama kuanzia viatu, akapanda taratibu, akafika juu mapema. Baba ni mtu mfupi. Mama amemzidi kwa kichwa kizima.

"Ni wewe ulinibeba?"

"Ni mimi, mama."

"Bana," Kukhu akasema, "nilidhani uko mrefu."

Tulicheka sote, hata nesi. Baba alicheka hadi akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena kwa sababu bado haoni. Kukhu yeye hakucheka. Alikuwa bado anamtazama.